Machozi ya mama si ushahidi: barua ya wazi kwa wanaoidhinisha na kurusha tamthilia za matukio ya kweli

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Filamu Tanzania,
Kwa Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Kwa wakurugenzi wa vipindi wa vituo vya televisheni nchini.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mama mdogo wa binti aliyepotea. Jina lake sitalitaja, wala mtaa wetu, wala kituo cha televisheni kilichotengeneza igizo kutokana na mkasa wetu, kwa kuwa binti huyu na mama yake wamekwisha kusemwa vya kutosha na watu ambao hawakuwahi hata kuwapigia simu. Nataka kuwaeleza, ninyi mnaotoa vibali na ninyi mnaopanga vipindi, mambo yanayotokea bombani, sokoni na kwenye daladala tamthilia ya namna hii inapokwisha, kwa maana naamini mtu aliyeketi studio hayaoni, na lau angeyaona kama tulivyoyaona sisi asingeweza kuendelea na kazi yake kama kawaida.

Binti yetu alikuwa na miaka 16. Alitoka alasiri moja kwenda kwenye masomo ya ziada, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na hakufika. Dada yangu alikwenda polisi usiku uleule, akaandikisha taarifa, akapewa RB, yaani karatasi yenye namba ya taarifa yake, kisha akaanza mzunguko anaoujua kila mzazi aliyepotelewa na mtoto: hospitalini, chumba cha maiti, kituo cha mabasi, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa marafiki wa shule, halafu polisi tena. Huu ni mwaka wa tatu. Katika mwaka wa pili, Jumapili moja baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tuliyaona maisha yetu kwenye runinga. Majina yalikuwa yamebadilishwa, lakini sare ya shule ilikuwa ya rangi ileile, duka la kona lilikuwa na mlango wa buluu kama la kwetu, na mama wa kwenye igizo aliuza maandazi kama dada yangu anavyouza. Maandishi ya mwanzo yalisema: "Kisa hiki ni cha kweli." Kisha, katikati ya igizo, mama yule alionyeshwa akitoka nyumbani usiku wa manane, amejitanda khanga hadi usoni, akienda kwa mganga, na mganga akamwambia kwamba biashara yake haiwezi kufunguka mpaka atoe kitu kikubwa.

Dada yangu hajawahi kukanyaga kwa mganga. Hilo tukio halikuwamo katika taarifa yoyote ya polisi, halikusemwa na shahidi yeyote, wala hakuna jirani aliyewahi kulitamka kabla ya Jumapili ile. Liliandikwa na mtu aliyeona kwamba simulizi inapwaya katikati na inahitaji kitu cha kumshika mtazamaji asibadilishe stesheni.

Naomba niwasimulie asubuhi iliyofuata. Dada yangu alikwenda bombani na ndoo zake mbili za lita 20, kama kila siku, akaziweka kwenye foleni. Mazungumzo yalikatika. Mtoto mmoja wa darasa la pili, ambaye hakuwa na ubaya wowote moyoni, akamnyooshea kidole na kumuuliza mama yake, "Si ndiye huyu aliyemtoa mwanawe kafara?" Mama yule alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, lakini hakumwambia kwamba amekosea. Siku hiyo dada yangu alikuwa amekaanga maandazi ya kilo tatu za unga. Saa nne asubuhi alirudi na beseni kichwani, limefunikwa kitambaa kilekile cha maua alichotoka nacho, na nilipolifunua nikaona imepungua safu ya juu tu. Tuliyala wenyewe kwa siku mbili.

Wiki hiyohiyo kituo kiliwaalika watazamaji watume ujumbe mfupi wa simu: NDIYO kwa anayeamini kwamba mama anahusika, HAPANA kwa asiyeamini. Matokeo yalisomwa hewani kwa bashasha, kama yanavyosomwa matokeo ya ligi. Katika kipindi chote kile, tangu maandishi ya mwanzo hadi orodha ya waigizaji, haikuonyeshwa hata mara moja namba ambayo mtu aliyemwona binti angeweza kuipiga. Namba ya dharura ya 112 ipo. Namba ya 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ipo, nayo haina malipo. Namba iliyowekwa chini ya picha, kwa herufi kubwa za manjano, ilikuwa ya kupigia kura.

Nilipowauliza watu kwa upole ni kitu gani kiliwafanya waamini, wengi hawakutaja hata ile safari ya kwa mganga. Walitaja machozi. Siku ya tatu baada ya binti kupotea, dada yangu alihojiwa mbele ya kamera, na akaongea kwa macho makavu, akataja sare, viatu, mkoba na kovu dogo la kwenye goti, neno kwa neno, bila sauti kutetemeka. Kipande hicho kilichezwa mwishoni mwa igizo ili kuthibitisha kwamba kisa ni cha kweli. Kwetu mama aliyefikwa na msiba hutarajiwa kuangua kilio, na asiyelia huambiwa ana lake jambo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera siku ile, na ninajua kwamba alikuwa amelia kwa siku tatu hadi koo limemkauka, na kwamba kabla ya kusogea mbele ya kipaza sauti alinishika mkono akaniambia, "Nikilia sitaweza kutaja alikuwa amevaa nini."

Waheshimiwa, kuna mama mwingine aliyehukumiwa kwa macho makavu, na kisa chake dunia nzima inakijua, ingawa wengi wanakijua kwa upande wa mzaha tu. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, katika kambi ya watalii karibu na mwamba wa Uluru huko Australia, mtoto wa kike wa wiki tisa aliyeitwa Azaria Chamberlain alitoweka kutoka katika hema la wazazi wake. Mama yake, Lindy, alisema tangu dakika ya kwanza kwamba mtoto amechukuliwa na dingo, yule mbwa mwitu wa nchi ile. Uchunguzi wa kwanza wa kifo, mwanzoni mwa mwaka 1981, ulimwamini. Watu hawakumwamini. Walimwona kwenye televisheni akieleza mambo kwa utulivu, wakasema mama wa kweli haongei hivyo. Familia ile ilikuwa ya Wasabato, na baba alikuwa mchungaji. Basi ukaenea uvumi kwamba jina Azaria maana yake ni kafara ya jangwani, jambo ambalo halikuwa kweli hata chembe, na kwamba mtoto alikuwa amevishwa nguo nyeusi kwa sababu maalumu. Niliposoma habari hizo kwa mara ya kwanza nililazimika kuiweka simu chini. Sisi nasi ni Wasabato, watu wa Upareni, ambako kanisa letu liliingia mwaka 1903, na neno waliloambiwa wale wa Australia ndilo lilelile tuliloambiwa sisi bombani: kafara.

Tarehe 29 Oktoba 1982 Lindy Chamberlain alitiwa hatiani kwa mauaji na kufungwa maisha, huku akiwa mjamzito. Mahakama iliambiwa kwamba ndani ya gari lao mlikuwa na damu ya mtoto mchanga. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa damu ilikuwa dawa ya kuzuia kelele iliyopulizwa kiwandani wakati gari linatengenezwa. Alikaa gerezani zaidi ya miaka mitatu, mpaka Februari 1986 lilipookotwa kikoti cha mtoto karibu na mapango ya dingo, kikoti ambacho mama alikuwa amekitaja siku zote na watu wakasema hakikuwahi kuwapo. Hukumu ilifutwa Septemba 1988. Cheti cha kifo kilichosema waziwazi kwamba mtoto alichukuliwa na dingo kilipatikana baada ya uchunguzi wa nne, tarehe 12 Juni 2012. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 32.

Mwishoni mwa mwaka 1988 ilitoka filamu juu ya kisa hicho, A Cry in the Dark, ambayo Waaustralia waliiona kwa jina la Evil Angels, na Meryl Streep ndiye aliyeigiza nafasi ya Lindy. Ninaitaja kwa heshima, kwa sababu ni filamu iliyotengenezwa kwa uangalifu: inamwonyesha mama asiyependeza mbele ya kamera bila kumgeuza kuwa mwovu, na tena na tena inakata kwenda kwenye meza za chakula, baa na ofisi, ambako watu wasiomjua wanamhukumu huku wakitafuna. Mtengenezaji alijua kwamba hadhira nayo ni mhusika. Hata hivyo, tazameni filamu hiyo iliacha nini vinywani mwa watu wa nchi za mbali. Iliacha ukelele wa mama kuhusu dingo, ukageuzwa kuwa utani katika vichekesho vya televisheni vya Marekani, na watu waliocheka hawakujua, au hawakutaka kukumbuka, kwamba walikuwa wakiiga sauti ya mama ambaye mwanawe hakupatikana hata kaburi lake. Ikiwa filamu njema ilizaa hayo, lile igizo letu lenye mganga wa kubuni lingezaa nini?

Najua mtanijibu kwamba wako akina mama waliohusika kweli. Ndiyo, wako, na sitaki kulipita jambo hili kando. Tarehe 19 Februari 2008, huko Dewsbury nchini Uingereza, alipotea binti wa miaka tisa, Shannon Matthews. Mama yake alilia mbele ya kamera akiwa ameukumbatia mwanasesere wa dubu, na majirani wa mtaa ule, watu wa kipato cha chini waliokuwa wakidharauliwa na magazeti, walichapisha picha, wakatembea usiku wakimtafuta. Mtoto alipatikana hai baada ya siku 24, amefichwa ndani ya kitanda kwenye nyumba ya ndugu wa mpenzi wa mama yake, na ikabainika kwamba mama alikuwa ndani ya njama ya kupata fedha za zawadi. Yeye na mwenzake walifungwa miaka minane kila mmoja. Yule aliyelia alikuwa na hatia, na yule asiyelia hakuwa nayo. Mtazamaji aliyejizoeza kusoma machozi angekosea mara zote mbili, na angekosea akiwa na uhakika kamili moyoni.

Februari 2017 BBC ilirusha tamthilia ya kisa hicho, The Moorside, kwa vipindi viwili. Iliamua kuwafuata majirani waliotafuta badala ya kumkodolea macho mtoto, na uamuzi huo ulisifiwa na wengi, pamoja na watu waliofurahi kuona hatimaye mtaa maskini ukionyeshwa kwa utu. Lakini babu na bibi wa Shannon walilalamika hadharani kwamba ni jambo la kuchukiza kuugeuza mkasa wa mjukuu wao kuwa burudani. Shannon mwenyewe alikuwa na miaka 18 wakati huo, anaishi kwa jina jipya chini ya ulinzi wa mahakama, hawezi kusimama na kusema "naomba msinionyeshe" bila kujifichua. Mimi huwaza sana juu ya binti huyo jioni ile ya Februari, ameketi mahali fulani, pengine na watu wasiojua yeye ni nani, wakiulizana anaonaje kipindi.

Nami nina la kuungama. Miaka ya nyuma, kabla mkasa haujatufikia, nilikuwa mtazamaji wa mstari wa mbele wa tamthilia hizi. Tulikuwa tukiziona kwenye banda la video, zile za nje zilizotiwa sauti ya Kiswahili, na mtafsiri hakuishia kutafsiri. Mama wa binti aliyepotea alipotokea, sauti ya mtafsiri ilishuka ikawa nzito: "Muangalieni macho huyu mama. Muangalieni vizuri." Banda zima lilicheka, nami nikacheka, na kufika nusu ya filamu sote tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu. Kuna msemo tunaoupenda mno, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimeusikia ukitumiwa dhidi ya dada yangu kana kwamba ni kifungu cha sheria. Kwa hiyo siwalaumu watazamaji kana kwamba wao ni watu wa namna nyingine. Mtu akiambiwa na chombo anachokiamini kwamba anachokiona ni kweli, atakichukua kama kweli, ataondoka nacho, na kesho yake atamtafuta mwenye sura ile. Uingereza ilishuhudia hilo mwaka 2024, ingawa kisa hakikuhusu binti aliyepotea: mfululizo wa Baby Reindeer wa Netflix ulifunguliwa kwa maneno kwamba hii ni hadithi ya kweli, watazamaji wakamsaka mtandaoni mwanamke waliyemdhania kuwa ndiye anayeigizwa humo, na shauri likafika mahakamani nchini Marekani, ambako jaji alikubali kwamba lina msingi wa kusikilizwa kwa sababu ya maneno yaleyale machache ya mwanzo.

Maneno hayo ndiyo ninayoanza nayo katika maombi yangu. Ninyi wa Bodi ya Filamu mnafanya kazi chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1976, na maandiko ya filamu hupita mezani kwenu kabla kamera haijawashwa. Nawaomba msimruhusu mtu yeyote kuandika kwamba kisa ni cha kweli mpaka awaonyeshe, tukio kwa tukio, kipi kimetoka katika kumbukumbu za mahakama au polisi na kipi amekibuni. Na kile alichokibuni kiandikwe mwanzoni, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwa muda wa kutosha mtu kukisoma. Lau yangeandikwa maneno mepesi tu, kwamba tukio la mganga ni la kubuni, dada yangu angeuza maandazi yake Jumatatu ile.

La pili ni familia. Sidai kwamba kila ndugu apewe uwezo wa kuzuia filamu, kwa sababu najua ziko familia zinazoficha uovu, na kisa cha Dewsbury kinatosha kunifundisha hivyo. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba mtayarishaji awe ameijulisha familia kwa maandishi kabla ya kuomba kibali, aambatanishe uthibitisho, na familia ipewe nafasi ya kueleza palipokosewa. Nchi iliyotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaona kwamba namba ya simu ya raia ni kitu cha kulindwa, haiwezi kushindwa kuona kwamba mkasa wa mtoto wake ni kitu kikubwa kuliko namba ya simu. Na pale ambapo jalada bado liko wazi polisi, au binti hajapatikana, uangalifu uwe mara mbili, kwa sababu shahidi anayeona igizo huanza kukumbuka igizo badala ya kile alichokiona.

Kwenu Kamati ya Maudhui, nawaomba mpige marufuku kura za watazamaji juu ya hatia ya mtu aliye hai ambaye hajashtakiwa. Sioni hoja yoyote inayoweza kuitetea. Nawaomba pia mlitazame suala la watafsiri wa filamu, ambao kazi zao sasa zimetoka kwenye mabanda na kuingia kwenye vituo vinavyotambulika. Wengi wao ni wasanii hodari na ninawapenda, lakini anayemtia mama maneno ambayo hakuyasema katika kisa cha kweli anafanya jambo zito kuliko kutafsiri.

Wakurugenzi wa vipindi, ninyi hamhitaji kusubiri kanuni. Mnaweza kuanzia wiki hii kuweka picha ya binti, kwa ridhaa ya wazazi, na namba ya polisi mahali mlipokuwa mkiweka namba ya kura. Watu waliotuma NDIYO na HAPANA walikuwa macho, wana simu mkononi, na wanaishi katika miji ambayo binti yetu angeweza kuwa amepita. Hadhira ile ilikuwa nafasi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata za kumtafuta, na hakuna aliyeikumbuka.

Igizo lile limetangazwa kwamba litarudiwa mwezi ujao. Naomba kituo husika, ambacho kitajitambua kikisoma barua hii, kiliondoe lile tukio la usiku wa manane kabla ya kulirusha tena, na kiende kuzungumza na mama. RB yake ameihifadhi ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa plastiki, na wino wake umeanza kufifia, atawaonyesha wakimwomba. Humaliza kuuza saa nne, hupita kituo cha polisi kila Jumatano, na kuanzia saa nane mchana yuko nyumbani. Hadi leo ninapoandika hakuna mtu aliyeshiriki igizo lile ambaye amewahi kumpigia simu.

Wenu katika kusubiri majibu,
Mama mdogo wa binti,
Dar es Salaam